Foki ya Kaboni Isiyo na Historia Ni Kamari

Wacha niseme hii kitu mapema, ndio wenye watakasirika wakasirike mapema: foki ya kaboni ya mtumba ambayo hujui ilitoka wapi, ilianguka mara ngapi na nani aliikaza, haifai kuwa kwa baiskeli yako. Hata kama bei ni tamu. Hata kama fremu inang'aa na jina lililoandikwa pale ni lile huwa unaona kwa Tour de France.

Na kabla uniambie nina wivu, soma polepole. Sijasema kaboni ni mbaya. Shida yangu ni hii tabia ya kuuza kaboni vile watu huuza jinzi Gikomba. Jinzi ikiwa na shimo, unaliona. Foki ya kaboni inaweza kuwa na ufa ndani na nje ikae fiti kabisa. Siku ule ufa utaamua kumaliza kazi, wewe utakuwa unashuka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, kilomita 60 kwa saa, lori nyuma yako.

Kwa wenye ni wageni kwa hii mambo: foki ni ile sehemu ya mbele yenye miguu miwili inayoshika gurudumu. Juu yake kuna bomba linalopita ndani ya fremu na kutokea juu, halafu stemu inalibana hapo, na usukani unafungwa kwa stemu. Kwa hivyo foki moja inashika gurudumu, breki ya mbele na usukani. Fremu ikipasuka nyuma karibu na siti, kuna nafasi nzuri utasikia kitu kinayumba na utasimama. Foki ikikatika, hakuna kitu kinaitwa kusimama. Unaenda chini na uso ndio unatangulia.

Ndio maana naongea kuhusu foki na si kuhusu siti.

Kwanza, tuache uongo kuhusu kaboni

Kuna wazee wa baiskeli watakwambia kaboni ni plastiki ya bei ghali, itavunjika tu. Hiyo si kweli, na tukianza na uongo hatutafika.

Ndege za Boeing 787 Dreamliner ambazo Kenya Airways imekuwa ikirusha tangu 2014, karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni na vitu vya familia hiyo. Umepanda hiyo ndege, ama shangazi yako amepanda, na haikukatika mabawa juu ya Sahara. Kama kaboni ingekuwa takataka, hakuna mtu angeikubali mita elfu kumi juu.

Na kwa mambo ya kuchoka, kaboni iko mbele ya chuma nyingi. Aluminiamu, ukiikunja kidogo kidogo mara nyingi sana, huwa inachoka hata kama kila mkunjo ni mdogo. Nyuzi za kaboni zikiwa zimepangwa vizuri na gundi yake iko sawa, zinavumilia huo mchezo vizuri sana. Kuna kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, na mojawapo ya majaribio yake ni kuisukuma na kuivuta foki mara 100,000 kwa mashine. Foki nzuri inapita bila matata. Pia haina tarehe ya kuharibika kama maziwa ya pakiti. Kuna watu wako na foki ya kaboni ya miaka 15 na bado wanaiendesha, kwa sababu waliinunua mpya na wanajua maisha yake yote.

Hapo ndipo pointi yangu iko: wanajua maisha yake yote. Hata ile Dreamliner, ikigongwa na gari la mizigo pale JKIA, haiendi "tuangalie tu, inakaa sawa." Inakaguliwa na watu waliosomea, na inaandikwa kwa rekodi. Usalama wa kaboni unatoka kwa nyuzi zenyewe, na pia unatoka kwa ile rekodi. Mtumba wa mtandaoni unakuuzia nyuzi na kukunyima rekodi.

Mbona ufa unajificha

Fikiria kamba ya katani. Ukiivuta, ina nguvu ya ajabu. Ukiisukuma ama ukiibonda kwa ubavu, si kitu. Kaboni ni hivyo. Ni nyuzi nyembamba kuliko nywele zako, zimelazwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na mwelekeo wake, halafu zikashikwa na gundi inayoitwa epoksi. Wenye wameitengeneza wamehesabu nguvu itatoka wapi: juu kwa mikono yako, chini kwa barabara, mbele kwa breki. Kwa hizo njia, foki ni simba. Lakini ikigongwa kwa ubavu na ukingo wa barabara, ama ibanwe na stemu iliyokazwa kama nati ya lori, hiyo ni njia ambayo haikutayarishiwa sana.

Ikigongwa hivyo, kitu kinaweza kutokea ndani: tabaka zinaachana. Umewahi kula chapati ya tabaka, ukaivuta na ikafunguka kama kurasa? Hiyo ndiyo picha. Nje rangi iko sawa, ndani tabaka hazishikani tena. Foki haivunjiki siku hiyo. Inaendelea kubeba, na kila shimo na kila tuta linaufungua ufa kidogo, mpaka siku moja.

Sasa linganisha na Black Mamba. Ile baiskeli nyeusi ya chuma iliyobeba magunia, makeni ya maziwa na abiria kule Busia kabla boda boda haijawa pikipiki. Foki yake ikigonga kitu, inapinda. Unaona kwa macho. Gurudumu linagusa fremu, usukani unaenda upande, fundi anakwambia "hii imeenda." Chuma kwa kawaida hukupa ilani kabla ya kukuacha. Kaboni mara nyingi haitoi ilani. Ikifika mwisho wake, inakatika.

Na hii ndiyo sehemu inaniumiza kichwa kuhusu Kenya. Sisi ni nchi ya "fundi atarekebisha." Na ni kitu poa sana, ndio maana vitu vyetu vinaishi miaka. Lakini ile akili ya kunyoosha, kupiga nyundo na kuchomelea ilitengenezwa na chuma. Ukiipeleka kwa kaboni, ni hatari. Nimeona foki ya kaboni imepakwa gundi ya dukani juu ya mkwaruzo na ikapigwa rangi nyeusi. Ilikaa mpya. Mwenye kuiuza aliandika "safi kabisa, haina makosa." Yaani rangi ndiyo ilikuwa ripoti ya ukaguzi.

Lakini hata chuma huvunjika, si ndio?

Ndio, na hapa nawapa haki wenye kubishana.

Aprili 2006, kwa mbio za Paris–Roubaix, zile za kupita kwa mawe ya zamani kaskazini mwa Ufaransa, Mmarekani George Hincapie alikuwa kwa kundi la mbele wakati bomba la foki yake lilikatika. Usukani ukabaki mkononi, haujashikwa na kitu. Akaanguka na kuumia bega. Wengi wakiona hiyo video wanasema "ona kaboni." Lile bomba lilikuwa la aluminiamu. Na alikuwa ameshaanguka mapema kwa mbio hizo hizo, halafu akaendelea.

Kwa hivyo funzo la Roubaix si kwamba kaboni ni mbaya ama aluminiamu ni mbaya. Funzo ni kwamba foki iliyoanguka si foki ile ile tena. Hincapie alikuwa na timu kubwa, gari la mafundi nyuma yake na baiskeli za akiba, na bado ilimpata. Wewe uko na nani nyuma yako kwa Thika Road? Matatu.

Mfano mwingine. Machi 2021 kule Ubelgiji, kwa mbio za Le Samyn, usukani wa kaboni wa Mathieu van der Poel ulikatika upande mmoja akiwa kwa mbio. Hakuanguka, lakini dunia nzima iliona. Kampuni ya Canyon ikaambia wenye baiskeli za aina hiyo waache kuziendesha hadi suluhisho lipatikane. Mwaka huo huo, Specialized waliita baiskeli zao za Tarmac SL7 zirudi dukani, kwa sababu kipande kidogo cha ndani kinachokaa kwa bomba la foki kingeweza kufanya bomba lipasuke. Wakabadilisha sehemu bure.

Unaona hiyo inamaanisha nini? Hata kampuni kubwa, zenye maabara na mainjinia, hukosea. Tofauti ni kwamba wakikosea, kuna mtu wa kupigia simu. Namba ya fremu iko kwa kompyuta yao, duka liko na jina lako. Sasa wewe umenunua foki kwa mtu wa WhatsApp mwenye picha ya wasifu ni gari. Kampuni ikigundua kasoro kesho, nani atakwambia? Na kama ile foki ni feki, yaani imetengenezwa mahali ikabandikwa jina la watu wengine, basi hakuna kampuni kabisa. Ukianguka, hakuna mlango wa kubisha.

Barabara zetu na safari zetu

Kuna vitu vya hapa nyumbani vinafanya hii story iwe nzito zaidi.

Cha kwanza ni matuta yasiyopakwa rangi. Unajua yale ambayo yalichipuka usiku mmoja bila alama, na taa za barabara hazifanyi kazi. Foki inabeba pigo lote la mbele. Foki nzima ya kaboni inaweza kuvumilia hayo. Yenye ufa inahesabu siku.

Cha pili ni usafiri. Tunapeleka baiskeli Naivasha, Iten, Mombasa, kwa buti ya basi ama juu ya matatu. Unatoa gurudumu la mbele ndio iingie, halafu miguu miwili ya foki inabaki wazi, haina kitu katikati. Makanga anarusha gunia la viazi juu. Hiyo ni nguvu ya ubavu ambayo foki haikutayarishiwa. Kama lazima usafiri hivyo, weka kipande cha mbao ama plastiki chenye upana wa ekseli katikati ya miguu, ukifunge, halafu zungusha foki na sponji ama shuka nzee. Ni kazi ya dakika tano. Na wakati unanunua mtumba, kumbuka ile baiskeli ilifika hapa ndani ya kontena. Nani aliipanga? Juu yake kulikuwa na nini?

Cha tatu ni chumvi, na hii ni ya watu wa Pwani. Kuna foki, hasa za zamani, zenye miguu ya kaboni lakini kichwa ama ncha za chini ni aluminiamu, zimeunganishwa kwa gundi. Kaboni na aluminiamu zikigusana mahali kuna maji ya chumvi, aluminiamu inaanza kuliwa. Hewa ya bahari inatosha, na jasho pia linatosha. Ukiona rangi imevimba kama malengelenge pale kaboni inakutana na chuma, hiyo si uzee wa kawaida. Mtu wa Nyali ama Bamburi anafaa aangalie hapo kabla ya kuangalia mlolongo wa gia.

Cha nne ni kukaza. Hapa sitalaumu mafundi wetu, kwa sababu wengi hawajawahi kupewa kifaa. Bolti za stemu kwa bomba la kaboni mara nyingi zinataka 5 Nm hivi. Namba yenyewe huandikwa kwa stemu. 5 Nm ni kidogo sana, wasee. Ni kama kutundika nusu kilo ya sukari kwenye ncha ya kijiti cha mita moja. Kwa alenki fupi ya sentimita 10, ni kama kusukuma na uzito wa kilo tano. Sasa fundi aliyezoea bolti za Black Mamba anakaza mpaka mkono utetemeke, kwa nia nzuri kabisa, ndio usukani wako usizunguke. Anabonda bomba la kaboni na hajui. Halafu kuna wengine wanagonga ile nati ya nyota ya chuma ndani ya bomba la kaboni kwa nyundo, kama wanavyofanya kwa bomba la chuma. Hiyo nati inakwaruza kaboni kwa ndani. Bomba la kaboni linatumia kifaa kingine kinachopanuka polepole ndani na kulishika bila kulikata, na pia kinalisaidia lisibondeke stemu ikikazwa.

Ukinunua mtumba, hayo yote yanaweza kuwa yalishafanyika. Na yalifanyika mahali ambapo hauoni: ndani ya fremu, chini ya stemu.

"Lakini ni nyepesi, bro"

Tupige hesabu.

Foki ya kaboni tupu ya baiskeli ya barabara ina uzito wa gramu 350 hadi 450 hivi. Foki ya chuma inaweza kufika kilo moja, ya aluminiamu inakaa katikati. Kwa hivyo tunapigania nusu kilo na kitu. Nusu kilo ni ile chupa ya maji ya nusu lita.

Tuseme wewe, baiskeli, maji na simu ni kilo 80. Nusu kilo ni kama asilimia 0.6 ya hiyo. Ukipanda mlima kwa saa nzima bila kupumzika, nusu kilo inakupokonya sekunde 20 na kitu. Hiyo ni kwa kupanda tu. Kwa tambarare, hata hutajua. Kama hushindani na mtu wa kulipwa, hizo sekunde 20 utazipoteza ukisimama kununua mahindi choma.

Sawa, kuna kitu kingine watu husema: kaboni inapunguza mtetemo kwa mikono. Ni kweli kuna tofauti. Lakini tairi pana kidogo zenye upepo usiozidi zitakufanyia kazi hiyo kwa mikono, na hazitakatika.

Najua sababu ya kweli, na siicheki. Ni heshima. Unafika kwa kundi la Jumamosi Karura na baiskeli ya kaboni, watu wanaangalia. Ukiwa na umri wa miaka 19 na umeweka akiba miezi nane, unataka ile kitu ambayo mabingwa wanaendesha. Chris Froome alizaliwa Nairobi na alianza kujifunza mbio hapa, chini ya David Kinjah, kabla hajashinda Tour de France mara nne. Waendeshaji wa Team Amani wanashindana na dunia kwa mbio za changarawe. Ni halali kuota. Lakini mabingwa hawaendeshi kaboni ambayo hawajui historia yake. Wakianguka, fundi wa timu anaikagua, na ikiwa na shaka inatolewa. Ukinunua mtumba wa kubahatisha, unaweza kuwa umenunua ile ile iliyotolewa.

Jiulize tu: kama mtu wa Ulaya alikuwa na baiskeli ya bei ya gari, mbona anaiuza bei ya simu? Kuna majibu mazuri. Alinunua nyingine, amehama, amezeeka, mgongo unauma. Pia kuna jibu moja baya, na hilo halitaandikwa kwa tangazo.

Kama tayari uko nayo

Najua wengine mnasoma hii na foki iko kwa kona ya nyumba. Usipige nduru. Fanya hivi wikendi hii.

Ioshe ikauke. Mwambie fundi aitoe kabisa kwa fremu, si kuangalia kutoka nje. Angalia bomba pale stemu ilikuwa imebana. Ukiona mstari, alama iliyozama, weupe kama maziwa ama mahali panapobonyea ukipafinya, hiyo imeisha. Chukua tochi ya simu na uangalie pale bomba linakutana na miguu, nyuma ya miguu, pale breki inafungwa, na ncha za chini. Pitisha kitambaa cha pamba polepole; kikinaswa, kuna nyuzi zimetoka nje. Usipitishe kidole, hizo nyuzi zinaingia kwa ngozi kama miiba.

Halafu gonga na sarafu, shilingi kumi inatosha, sentimita kwa sentimita. Mahali pazima panalia kavu na kali. Mahali tabaka zimeachana panalia kama unagonga kadibodi. Linganisha mguu wa kushoto na wa kulia, mahali pale pale. Lakini tuelewane: sarafu inaweza kukuonyesha ubaya, haiwezi kukuhakikishia uzima. Sauti hubadilika pia pale ambapo kaboni ni nene zaidi, na kuna nyufa sarafu haisikii. Kule Ulaya kuna wataalamu wanaopima kaboni kwa mawimbi ya sauti, kama vile mama mjamzito hupimwa. Fundi wako wa mtaani hana hiyo mashine, na kukaguliwa kwa macho si kitu sawa.

Mwisho, irudishe, kaza kwa namba iliyoandikwa, shika breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mlio wa "tak" ama usikie kitu kinacheza, usiendeshe mpaka ujue ni nini. Inaweza kuwa beringi tu. Inaweza isiwe.

Na kama unajua ilianguka vibaya, hata kama imepita yote hayo, itoe. Tafuta foki mpya ya aluminiamu ama ya chuma cha kromoli. Enda na vipimo: unene wa bomba, urefu wa foki, aina ya breki na ekseli. Foki refu kupita kiasi inabadilisha vile baiskeli inakata kona, kwa hivyo usinunue yoyote tu kwa sababu imeingia. Fremu yako ya kaboni na foki ya aluminiamu zitaishi pamoja bila shida. Hakuna atakayekukamata.

Ninachotaka kwa wauzaji

Si lazima muache biashara. Mtumba umetupa baiskeli sisi wengi ambao duka jipya lingetufukuza mlangoni. Lakini kama unauza kaboni, itoe foki, piga picha ya bomba bila stemu, na uweke hiyo picha kwa tangazo. Ni bolti tatu. Kama unakataa kufungua bolti tatu kwa kitu cha maelfu ya shilingi, umeshaniambia kila kitu. Na vikundi vya baiskeli, badala ya kuchanga pesa za fulana kila mwaka, mwaka huu changeni mnunue spana moja ya kupima nguvu ya kukaza, mumwachie fundi wenu. Hiyo itaokoa meno mengi kuliko fulana.

Kwako wewe mnunuzi, kabla utume M-Pesa, uliza vitu vitatu. Naweza kuona risiti ama namba ya fremu? Imewahi kuanguka ama kugongwa? Naweza kuiona foki ikiwa imetolewa nje? Jibu la kwanza likiwa "hapana," bado mnaweza kuongea. La pili likiwa "sijui," hilo ni jibu la ukweli, lakini lihesabu kama "ndiyo." La tatu likiwa "hapana," rudisha simu mfukoni.

Kama bado unaitaka fremu, inunue, lakini weka bei ya foki mpya ndani ya hesabu yako kutoka mwanzo. Ukiona hesabu haiingii, basi ile baiskeli haikuwa rahisi. Ilikuwa imeacha deni, na deni hilo lingelipwa na taya yako.